Walichimba Pale Moyo Uliponidunda

Moyo wangu ulianza ukorofi nikiwa darasa la sita, ndani ya gunia la pamba. Kwetu, upande wa Mhunze, msimu wa mavuno kazi ya kushindilia ilikuwa yetu sisi watoto wepesi: wanaume wawili wanashika mdomo wa gunia, wewe unatumbukizwa ndani, pamba inamiminwa na unaikanyaga mpaka gunia lisimame lenyewe. Nilikuwa nakanyaga huku naimba. Mara moyo ukaruka, ukanyamaza kidogo, halafu ukatimua mbio kama kuku aliyefunikwa na tenga, na macho yakaingia giza. Nilipozinduka nilikuwa nimekaa, pamba imenifika kidevuni, na baba ananiuliza kutoka juu kama nimekuja kufanya kazi au kulala.

Ulirudi wiki ile ile nikiteka maji, ukarudi tena nikiwa nimesimama mstarini shuleni. Wakubwa wakaanza kuhangaika nami. Zahanati walinipa klorokwini ya malaria, nikajikuna siku tatu na moyo ukadunda vilevile. Mama akanipeleka hospitali ya misheni, safari ya siku nzima. Daktari akanisikiliza kifuani na mgongoni, akaniambia nipande na kushuka ngazi, akanisikiliza tena, kisha akatikisa kichwa. Moyo mzima, damu nzuri, nirudi shuleni. Bibi hakuridhika. Akamwita mfumu wa kuku, yule mganga anayepasua kuku na kusoma yaliyomo ndani, naye akasema mama yake babu analalamika kwamba amesahaulika. Mbuzi akachinjwa, nikavishwa shanga mkononi. Marehemu akakumbukwa, nyama ikaliwa, na siku ya tatu nikaanguka jikoni.

Tangu hapo mpaka leo nimesikilizwa na madaktari wengi, wengine wakiwa na mashine, na hakuna hata mmoja aliyeniambia ni nini. Nilikwisha acha kuuliza. Nilichofanya ni kuzijua tabia za moyo wangu, jinsi mtu anavyozijua tabia za ng'ombe mkorofi anayemkamua kila siku. Nikisikia ule mruko wa kwanza nakaa chini papo hapo, hata ikiwa ni katikati ya njia na watu wananitazama. Nakunja miguu, nainamisha kichwa, napumua polepole mpaka upite. Sibebi ndoo kichwani bila mtu kando. Sinyanyuki haraka nikiwa nimechuchumaa. Njaa huuchokoza, jua huuchokoza, na siku nyingine hakuna kilichouchokoza, umeamua tu. Kuna wanawake wana mume mlevi, mimi nina moyo huu. Maisha yanakwenda.

Na sikuwahi kuuficha. Washenga walipokuja nyumbani, baba aliwaapia kwamba binti yake hajui hata mafua. Siku mbili baadaye nikamvizia mchumba wangu njiani akitoka mnadani, nikamweleza mwenyewe. "Mimi huanguka. Nikianguka usipige kelele, nisubiri niamke." Akafikiri kidogo, kisha akauliza, "Ukianguka unavunja vyombo?" Nikamwambia mara chache. Akanioa.

Nayasema haya ieleweke kwamba uongo wa Nyarugusu, nilipokuja kuuishi, niliuishi nikijua.

Tulikwenda huko, kwenye machimbo ya dhahabu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, baada ya misimu miwili ambayo mvua ilitutupa na pamba ikafia shambani. Watoto tuliwaacha kwa mama mkwe. Mume wangu alitangulia na mdogo wake wa kiume, shemeji yangu, nami nikafuata mwezi uliofuata. Walipata kazi kwenye duara la mzee mmoja wa Ushirombo. Duara ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao la dhahabu, hata likiwa la pembe nne. Mzee yule alikuwa Mkatoliki wa misa kila Jumapili, na siku sita zilizobaki alikuwa mteja wa waganga. Kazi yangu ilikuwa kuwapikia wachimbaji wanane, na nikimaliza nawatwangia mawe kwenye kinu cha chuma mpaka yawe unga wa kuoshwa.

Mwanamke hakusogelea duara. Chakula nilikiacha hatua thelathini kutoka mdomoni mwa shimo, wanaume wakaja kukichukua. Mwiko mkubwa kuliko yote ulikuwa kamba, ile ambayo wachimbaji hushukia. Mwanamke akiivuka, duara limeharibika: hakuna mtu atakayeshuka mpaka mganga alisafishe kwa dawa siku saba, na wengine hawashuki hata baada ya hapo. Mimi niliona ni maneno ya wanaume wanaoogopa shimo na kutafuta wa kumlaumu, lakini nilitii. Nilikwenda kupika, sikwenda kugombana.

Siku moja nilikuwa napeleka ugali, saa saba mchana, wote nimewapakulia na mimi mwenyewe sijatia kitu mdomoni. Moyo ukaruka. Nikatua sufuria, nikakaa chini palepale kwenye vumbi, nikainamisha kichwa. Mume wangu alinizoea, akasimama tu kando kunikinga jua. Mzee hakuwa amewahi kuona. Alinitazama mimi, kisha akatazama ardhi niliyokalia.

Siku ya nne baada ya hapo, njia waliyokuwa wakiichimba chini kwa chini ilifika karibu na pale nilipokaa, wakakuta mwamba wenye dhahabu. Dhahabu ilionekana kwa macho, bila hata kuoshwa. Jioni mzee akaja jikoni kwangu na kofia mkononi.

"Mayu," akasema, nalo ndilo neno ambalo Wasukuma humwita mama wa kuheshimiwa, "siku ile moyo ulikupiga wapi hasa? Nionyeshe."

Nilimwonyesha. Akapima kwa hatua, akarudi akitabasamu peke yake.

Wiki mbili baadaye nikaanguka tena, safari hii kwenye njia ya kwenda mtoni. Mzee aliposikia akawahamishia vijana wawili pale, nao walipofika kina cha mtu na nusu wakapata mawe yenye dhahabu. Haikuwa nyingi, lakini ilikuwa dhahabu. Ikawa imetokea mara mbili. Kwa mchimbaji, jambo likitokea mara mbili limekwisha kuwa sheria.

Basi nikawa mtu. Ile ilikuwa miaka ya kupanga foleni kutwa nzima kwa kilo moja ya sukari, na mimi sukari ililetwa mlangoni. Nikaletewa sabuni ya mche, nikaletewa khanga doti mbili. Wazee wenye mvi, ambao mimi ndiye niliyepaswa kuwaamkia, walinitangulia kwa "Mwangaluka, mayu" asubuhi kabla sijafungua kinywa. Na ule mwiko wa mwanamke kusogelea maduara ukageuzwa juu chini bila mtu kuona aibu, ila ule wa kamba ulibaki palepale. Kila kulipokucha mzee alinitembeza katikati ya mashimo, mimi mbele peku, yeye nyuma na fungu la vigingi. Nikisimama, anashika pumzi. Siku moja nilisimama kuchomoa mwiba kisiginoni, nikageuka na kumkuta amekwisha pigilia kigingi.

Nilijua, tena vizuri sana. Moyo ulionidunda Nyarugusu ndio ule ule ulionidunda Mhunze, ambako chini kuna udongo mweusi wa mbuga na mizizi ya pamba. Kama ungekuwa unanusa dhahabu, baba yangu asingekufa maskini. Lakini nilipenda. Karibu miaka ishirini moyo huu ulikuwa kichekesho cha kusimuliwa kwenye sherehe, jambo la kuombewa na kuonewa huruma, na mimi huruma za watu hazinipandi. Sasa ulikuwa na cheo. Nikiulizwa, sikusema ndiyo wala hapana. Nilitabasamu na kupokea sukari.

Upande wa bondeni kulikuwa na mashimo ya zamani, yaliyochimbwa na kampuni ya wazungu enzi za mkoloni kisha yakaachwa. Yalikuwa yamejaa maji mpaka karibu na ukingo, na kila mtu aliyachimbia mbali. Sababu ilijulikana: ukiwa chini ya ardhi ukatoboa ukuta wa shimo la maji, maji yote yanakufuata ulipo, na huna pa kukimbilia. Asubuhi moja mzee akanipitisha huko. Sikuwa nimekunywa chai. Tulipofika kama hatua arobaini kutoka shimo la kwanza, nikausikia ule mruko.

Nilijaribu kuendelea kutembea. Nilijikaza kweli, nikasema moyoni si hapa, pita, nenda zako. Magoti yakakataa, nikakaa. Nyuma yangu nikasikia jiwe likigonga kigingi.

Wachimbaji walipoambiwa walisita, maana nao walikuwa na akili zao. Shemeji yangu ndiye aliyewatoa wasiwasi. Nilipoolewa alikuwa na miaka minane, hana mama wa karibu kwa kuwa mama mkwe alikuwa mgonjwa mwaka ule, na mimi ndiye niliyemwogesha, nikampikia uji na kumfundisha kuandika kwa kijiti mchangani. Sasa alikuwa mwanamume wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, anayepenya mahali ambapo wengine hukwama mabega. Kila walipochimba njia mpya yeye ndiye aliyekuwa mbele kabisa na tindo na nyundo.

"Mimi nitatangulia," akasema mbele ya wote. "Moyo wa shemeji haujawahi kunidanganya."

Nilikuwa nakoroga ugali. Niliyasikia maneno yale, nikaendelea kukoroga.

Walishuka siku sita, kisha wakaanza kukata njia kuelekea bondeni. Siku ya tisa shemeji alikuja kula akiwa amelowa mpaka shingoni. Nikamuuliza kama ni jasho.

"Ukuta unatoka maji kidogo, shemeji. Si neno. Dhahabu na maji ni majirani."

Nilimshika mkono wa shati. Jasho huwa la moto. Lile lilikuwa tope baridi.

Alipoondoka nikamgeukia mume wangu. "Baba watoto, nenda ukawaambie ni ugonjwa. Wewe unajua. Nilikuambia kabla hujanioa."

Hakunitazama. "Miezi yote hii ulinyamaza, leo ndiyo umekumbuka? Tukisema sasa watatufukuza kama mbwa."

"Watufukuze."

"Mama watoto, ukuta una matimba. Wameuegemeza kwa miti mizuri." Akanawa mikono na kuondoka. Nilimkasirikia, lakini hasira yangu kubwa ilikuwa juu yangu mwenyewe, kwa sababu sukari ile nilikuwa nimeinywa mimi.

Asubuhi iliyofuata niliwakuta wote wamekusanyika juu, hawajashuka. Kamba ilikuwa imelazwa chini kutoka kwenye nguzo yake mpaka mdomoni mwa duara, na shemeji alikuwa anajifunga kitambaa kichwani. Nilizipita zile hatua thelathini nikasimama mbele yao.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kusema jambo. Moyo wangu haujui dhahabu. Ni ugonjwa, ninao tangu darasa la sita. Haukuja na mimi Nyarugusu kwa sababu ya mawe yenu. Nikiwa na njaa unanipiga, nikiwa juani unanipiga. Hapo chini kuna maji. Msishuke."

Nilitegemea hasira. Walicheka. Mzee naye alicheka, kwa upole, kama mtu anayezungumza na mtoto mjanja.

"Mayu, sema unachotaka. Nani amekufuata? Wale wa duara la juu? Wamekuahidi nini ili utuondoe hapa?"

Nikaapa. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kuamini kwamba chini kuna mali nyingi. Mmoja alisema hajawahi kuona mwanamke akilia bila dhahabu kuwapo, wakacheka tena. Nikaona maneno hayafai kitu. Nikawaambia nitawaonyesha. Palikuwa na lundo la mchanga uliokwisha oshwa mara tatu, ambao hata mtoto alijua hauna chembe. Nitakwenda kukaa juu yake, moyo wangu utadunda hapo, na mzee aje ashike mkono wangu pale panapopiga mshipa, aone mwenyewe.

Mzee akakubali. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake.

Nikapanda juu ya lundo. Sikuwa nimekula tangu jana mchana, kwa makusudi, endapo wangetaka kuona. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Nikachuchumaa, nikanyanyuka ghafla, nikachuchumaa, nikanyanyuka. Nikapanda na kushuka lundo lile mbio mpaka mchanga ukajaa kwenye nguo. Moyo huu ulioniangusha kisimani, kanisani, mbele ya wakwe, mbele ya daktari wa wilaya, moyo ambao haukuwahi kuniomba ruhusa, asubuhi ile ulitulia tuli. Mzee alishika mkono wangu akahesabu kimya.

"Unapiga vizuri," akasema. "Kama wa msichana. Umeona mwenyewe, mayu? Hapa hakuna kitu, nao umenyamaza. Kule ulipiga."

Wanaume wakaguna kwa kuridhika. Ushahidi wangu nilikuwa nimewapa wao. Sijawahi kuuchukia moyo wangu kama nilivyouchukia dakika ile. Shemeji akanigusa bega, akaniambia, "Nenda ukapumzike, shemeji. Leo nitakuletea jiwe la kwanza wewe," akaenda zake kwenye kamba.

Nilimfuata. Alikuwa anainama kuiokota. Nikaikunja khanga yangu mpaka magotini ili kila mtu aone vizuri, nikaivuka ile kamba. Nikageuka, nikaivuka mara ya pili. Mara ya tatu nikasimama mguu huku na mguu huku, kamba katikati yangu, nikawatazama.

Kisha wakaanza kunitukana wote kwa pamoja, kwa Kiswahili, kwa Kisukuma, kwa Kisumbwa. Mume wangu alitazama chini. Shemeji aliiacha kamba iangukie mchanga, akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mama yake mbele ya wageni. Lakini hakuishika tena, wala hakuna mwingine aliyeishika. Niliondoka pale nikitembea taratibu, kichwa juu. Nilipofika jikoni, ndipo moyo ulipoona vema kuanza. Ulinidunda nikiwa peke yangu nimekaa kati ya masufuria, hakuna wa kuushuhudia, nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Kabla ya jua kuzama tulikuwa tumefukuzwa, sisi watatu, pamoja na mkosi wetu. Tulipanda lori la mkaa mpaka Geita, na kutoka hapo tukaunga safari mpaka nyumbani. Shemeji alikaa mbali nami njia nzima. Hata maji nilipompa aliyapokea akitazama pembeni.

Mwezi haukuisha, mtu wa kwetu akatuletea habari. Siku ya tano baada ya sisi kuondoka, dawa ya kulisafisha duara ikiwa bado inachemshwa, ukuta wa upande wa bondeni ulitoboka na duara zima likajaa maji mpaka mdomoni. Hakukuwa na mtu ndani. Nyarugusu nzima ilikubaliana juu ya sababu: mwanamke alivuka kamba.

Mume wangu alinisamehe kabla ya mvua za mwaka ule, na siku moja tukiwa tunapalilia akaniambia bila kuulizwa kwamba yeye angepaswa kusema, akashindwa. Shemeji hakunisamehe. Alirudi kwenye pamba na ng'ombe, akaoa, akajenga jirani na sisi, na hajawahi kuninyima kitu nikimwomba. Lakini kila kwenye sherehe ya ukoo, watu wakishashiba, huisimulia habari ile. Husema alikuwa amebakiza mapigo matatu ya nyundo aufikie utajiri, ndipo shemeji yake akaivuka kamba, na anaonyesha kwa mikono jinsi nilivyokunja khanga. Watu wananigeukia na kucheka.

Zamani nilikuwa najibu. Nilieleza habari za maji, za ukuta, za tope baridi kwenye shati. Siku hizi sijibu. Nawahesabu tu watoto wake waliokaa mkekani mbele yake, ambao wote wamezaliwa baada ya siku ile. Ni saba, na ndio wanaocheka kuliko wote.